Sola ya kuelea bwawani: pima maji kabla ya kununua paneli

Anayetaka kuweka sola juu ya bwawa kama Mabayani, linalolisha jiji la Tanga kwa maji ya mto Zigi, aanze na maji. Pima kina cha eneo zima kwa mashua, kisha tafuta kumbukumbu za usawa wa maji wakati wa masika na wakati wa kiangazi kikali. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua urefu wa kamba za nanga. Vibali ni vya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, NEMC (mazingira), EWURA (nishati na maji), na TANESCO (shirika la umeme) ikiwa utauza umeme. Kaa mbali na mnara wa kuchukulia maji na njia ya kumwaga maji ya ziada.

Megawati 1 huhitaji takriban hekta 1. Maboya yawe ya plastiki nzito isiyoharibiwa na jua, tena yenye cheti cha kufaa kwa maji ya kunywa. Paneli zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 5 hadi 12 tu; zikiinuka zaidi hushika upepo kama tanga.

Kazi kubwa ni nanga. Upepo wa mita 30 kwa sekunde husukuma niutoni 540 hivi kwa kila mita ya mraba inayoukabili, kwa hiyo mita 100 za mraba huvutwa kwa nguvu ya tani 5.5. Wengi hupima uzito wa zege nchi kavu. Ndani ya maji tani 1 ya zege hubaki kilo 580, na juu ya tope, ukichukulia msuguano wa nusu ya uzito huo, huzuia kilo 290 tu. Utahitaji matofali 19 ya tani moja moja. Zidisha mara 1.5 kwa usalama, yawe 29. Tope likiwa laini sana hata hayo hayatoshi, hivyo vuta nanga ya majaribio kwanza. Funga pande zote nne, maana kusi na kaskazi havumi upande mmoja.

Kamba fupi huzamisha ukingo wa jukwaa maji yakijaa. Ndefu huliacha lizunguke yakipwa, na kebo hukatika. Ning'iniza uzito katikati ya kamba ili ilegee na kukaza yenyewe.

Unganisha safu ufukweni, uzishushe moja moja. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi) na transfoma zibaki nchi kavu, juu ya alama ya mafuriko. Acha kebo iwe na ulegevu, na viungio vyake visiguse maji. Inveta ikigoma kuwaka asubuhi yenye umande kisha ikawaka jua likipanda, kiungio kimeingiza unyevu: pima ukinzani wa kihami (uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje) wa kila mstari wa paneli, mmoja mmoja, hadi ukipate. Kinyesi cha ndege kioshwe kwa maji matupu, bila sabuni.