Kabla hujashuka shimoni pima mwili kwanza, vijana wa migodi someni

Vijana wa Busia, Kasese, Mubende na kwingine mnaotafuta kazi ya chini ya ardhi, hii ni yenu. Umri kwanza. Kama hujafika 18 usishuke kabisa, sheria ya Uganda haitaki mtoto kwenye kazi ya hatari, na shimo ni hatari hata kama binamu yako anashuka kila siku na anarudi anacheka. Ukiwa na 18 mpaka 20, kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 124 wa mwaka 1965, Uganda iliuridhia, unasema mtu ambaye hajafika miaka 21 lazima apimwe vizuri kabla hajaanza kazi ya chini, halafu arudie kupimwa, na isipite mwaka mmoja. Gharama haikuhusu wewe wala wazazi wako. Bosi akisema atakukata kwenye mshahara, muulize kwa heshima ni sheria gani hiyo.

Sasa siku ya kupima. Beba kitambulisho cha taifa maana tarehe ya kuzaliwa itaandikwa. Lala vizuri, pombe ya jana usiku iache, sigara pia usivute asubuhi hiyo. Kama ulishinda karibu na kompresa ama drili mwambie daktari, masikio yaliyochoka na kelele yanatoa majibu ya uongo, afadhali uyapumzishe tangu jana yake. Watakuangalia macho, masikio, presha, mkojo, mgongo na magoti, watasikiliza moyo.

Lakini kipimo cha kung'ang'ania ni picha ya kifua, eksirei. Mkataba wenyewe umeitaja, mara ya kwanza unapopimwa mapafu yapigwe picha. Wengi wanaruka hapa, daktari anakugusa kifua na kile chuma cha kusikilizia, anagonga muhuri, kwisha. Usikubali. Ukichoronga mwamba wa dhahabu ama ukiusaga, unatoka vumbi la silika, laini sana huwezi kuliona lote, linakaa kwenye mapafu na kuyatia makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi na dawa ya kuuponya haipo. Mara nyingi unajitokeza baada ya miaka mingi, na mwenye nao anashikwa na TB kirahisi kuliko wengine. Sasa fikiria, miaka kumi imepita unakohoa, unadai fidia, wanakwambia ulikuja kazini na kifua kibovu. Ile picha ya siku ya kwanza ndiyo itakujibia. Kwa hiyo omba nakala, weka nyumbani, si kwenye ofisi ya mgodi.

Kuna pia kipimo cha nguvu ya mapafu, cha kupuliza kwenye mrija, vuta hewa yote halafu puliza kwa nguvu bila kukata mpaka wakwambie basi, kama mtu anayelazimisha kuni mbichi ziwake. Wengi wanapuliza kwa aibu ndiyo maana majibu yanatoka mabaya bure.

Usifiche kifafa, pumu, kisukari ama kizunguzungu. Najua unaogopa kukosa kazi, lakini ukianguka kwenye ngazi ya shimo kuna mwenzako chini yako. Kama unachoma zebaki ili upate dhahabu sema hiyo pia, inaharibu neva na figo, wakupime. Dada zetu, kama kuna uwezekano wa mimba mwambie anayepiga picha kabla hajapiga.

Cheti anachopata bosi kiseme tu unafaa kazi ya chini ama hufai. Magonjwa yako hayatakiwi kuandikwa humo, hayo ni kati yako na daktari. Na HIV usilazimishwe kupima ili upewe kazi.

Ukiambiwa hufai, uliza ni kwa muda ama moja kwa moja, na uliza kazi ya juu, kuna kuchambua mawe, stoo, ulinzi.

Na nyinyi wa mashimo ya kujichimbia ambayo hayana bosi wa kulipa? Hapo ni ngumu kidogo, changeni pesa kama kikundi mwende pamoja hospitali yenye eksirei. Kikohozi kikipita wiki mbili usisubiri kikundi, nenda hospitali ya serikali wakupime makohozi, dawa za TB pale ni bure.