Guzmania inageuka kahawia? Tazama ilikoanzia

Guzmania nyingi huuawa na maji, pale mwenyewe anapoona ua linafifia akazidisha kumwagilia. Mmea huu ni wa ukoo wa nanasi, na kama nanasi, kila shina hutoa ua mara moja tu. Hata ile sehemu nyekundu tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni yale madogo yanayochungulia katikati na kunyauka upesi. Majani hayo ya rangi hudumu miezi kadhaa, kisha hukauka. Huo ni uzee, si ugonjwa. Kata bua lake kwa kisu kikali, umwache mama, yaani mmea uliokwisha kutoa ua, alee maotea yake, yale machipukizi ya pembeni. Naye atakufa taratibu, pengine mwaka mzima.

Kahawia ikianzia katikati ya mmea, majani yanapochomoza, hapo kuna kazi. Shika jani la ndani kabisa, ulivute polepole. Likigoma, moyo ni mzima. Likichomoka kirahisi, na kitako chake ni laini, cheusicheusi na kinanuka, moyo umeoza na shina hilo haliponi. Kwa kawaida chanzo ni udongo mzito usiopitisha maji, mmea uliofukiwa kina kirefu, au maji yaliyolala muda mrefu kwenye kikombe cha majani, lile shimo la katikati majani yanapokutana, hasa wakati wa baridi. Mwaga maji yote, acha udongo ukauke. Maotea ya pembeni huenda yakasalimika.

Ncha kavu peke yake si msiba: ni hewa kavu au maji yenye chumvi, kama ya visima vingi vya pwani. Tumia maji ya mvua. Yajaze kikombeni kina cha sentimita 2 au 3, umwage na kubadilisha kila wiki, la sivyo utafuga mbu. Mbolea ya maji iwe robo ya kipimo cha kwenye chupa, tena udongoni.

Mabaka upande unaotazama dirisha ni jua kali. Vinundu vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu gamba. Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha suuza. Ila usipulize dawa ya ukungu yenye shaba: shaba ni sumu kwa jamii hii yote.

Oteo likifikia nusu ya kimo cha mama, likate pamoja na mizizi yake. Lipande juujuu kwenye chungu cha sentimita 10, sehemu 2 za makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa kwa 1 ya mchanga wa mto. Loweka makumbi kwanza, ubadilishe maji mara kadhaa, maana nayo hubeba chumvi.

Oteo likikomaa na bado halitoi ua, mwaga maji ya kikombeni, ulifunike kwa nailoni angavu pamoja na ndizi mbivu, kivulini, siku 7 hadi 10. Gesi ya tunda linaloiva ndiyo huliamsha. Ua huchomoza miezi michache baadaye.