Kabla ya Kumtafutia Kwotabeki Mpya Wapokeaji

Timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ikipata kwotabeki mpya (mchezaji anayerusha pasi), mashabiki hudai kitu kimoja: aletewe mpokeaji mkali wa kuzidaka. Sawa, lakini mkali wa pasi zipi? Yuko kwotabeki anayeishi kwa pasi fupi za katikati, zinazotoka mkononi kabla mabeki hawajageuka, na yuko anayesubiri, akakwepa huku na kule, kisha akaurusha mpira yadi 50 (kama mita 46). Kuwapa hawa wawili wapokeaji walewale ni kama kumpa straika mfupi mawinga wasiojua kitu zaidi ya krosi za juu. Kazi huanza kwa kwotabeki, wapokeaji hufuata. Yafuatayo ni ya kukagua kuanzia Januari, msimu unapoisha kwa timu nyingi, hadi mwisho wa Agosti orodha inapokatwa wabaki wachezaji 53.

Tazama kwanza pasi zake zote za msimu mzima. Kwotabeki wa chuo aliyecheza mechi 12 na kurusha mara 30 kila mechi ana pasi 360, na hizo zinatosha. Ugawe uwanja vyumba tisa: kushoto, katikati na kulia, kisha yadi 0 hadi 9, 10 hadi 19, na 20 kwenda mbele. Kila pasi iandikiwe chumba chake, muda uliopita tangu mpira ulipotolewa nyuma kwake hadi ulipoondoka mkononi, na jinsi ulivyomfikia mpokeaji: kifuani akiwa mbioni, nyuma ya bega, juu ya kichwa au miguuni. Asilimia ya pasi zilizokamilika hudanganya. Mpira wa nyuma ya bega uliodakwa kwa shida huhesabiwa sawa na uliomkuta mtu katika mwendo, ingawa ule wa kwanza umemnyima mpokeaji nafasi ya kukimbia nao. Chumba kitupu nacho kina habari. Kikiwa na pasi 6 tu kati ya 360, ulizia kama ni kocha wa chuo ambaye hakuita michezo hiyo (mchezo ni tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama, na mechi moja ina mingi), au ni kijana mwenyewe anayemwona mtu yuko wazi na kumwacha. Kama ni kijana, utalipa pesa nyingi kwa mpokeaji wa katikati atakayeshinda akipunga mkono.

Baada ya hapo upime mkono kwa saa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuamini macho. Chukua pasi ngumu kuliko zote za kawaida: mpokeaji anakimbia yadi 12 mbele, anakata kwenda nje, na anadaka karibu na mstari wa pembeni, huku mpira ukianzia kwenye vistari vya ndani vya upande wa pili (vistari hivi ni safu mbili za alama katikati ya uwanja, na kila mchezo huanzia juu yake au kati yake). Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi. Kwenye NFL, kutoka vistari hivyo hadi mstari wa pembeni wa mbali ni kama yadi 30. Kwotabeki amesimama yadi 7 nyuma ya mstari wa kuanzia, kwa hiyo mpira unasafiri karibu mita 31 angani. Ukitoka kwa kilomita 88 kwa saa unafika kwa sekunde 1.26, ukitoka kwa kilomita 77 unachukua sekunde 1.44, hapo hatujahesabu upepo wala mpira kupungua kasi. Tofauti haifiki hata robo ya sekunde. Lakini beki wa pembeni anayekimbia yadi 8 kwa sekunde anakula karibu yadi moja na nusu katika muda huo, na hiyo ndiyo njia nzima kutoka kuwa nyuma ya mpokeaji hadi kuwa mbele yake. Pasi hiyo ikinaswa huwa haina mtu wa kumzuia mnasaji; ni mbio hadi mwisho wa uwanja. Mwenye mkono wa kilomita 77 si kwotabeki mbaya. Usimletee tu mpokeaji ambaye mali yake kuu ni kukata kwenda nje. Mtafutie wa kukatiza ndani, kwa pasi ya mita 15 hadi 20.

Tahadhari moja kuhusu filamu za chuo: kule vistari vya ndani vimeachana futi 40, wakati NFL ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni kuna upande mpana na upande mwembamba, na kwotabeki anaweza kucheza miaka mitatu akirushia upande mwembamba tu. Pasi za nje zitaonekana nyingi na safi, kumbe hajawahi kuirusha ile ya mbali.

Saa hiyohiyo itumike kwa wapokeaji. Kwotabeki akirudi hatua tatu, mpira hutakiwa kutoka kwa takriban sekunde 1.5 hadi 1.8, hatua tano ni kama sekunde 2.5, hatua saba hukaribia 3. Njia ya mpokeaji lazima iishe ndani ya muda huo. Mbio za yadi 40, zinazotumika kupima kasi, hazikwambii lolote kuhusu hili, kwa sababu hakuna anayesimama katikati ya mbio hizo. Pima tangu anapoondoka hadi anapokuwa amegeuza kichwa na mikono iko tayari, kwenye yadi 12. Mwenye kasi kubwa anayehitaji hatua nne au tano kujisimamisha hufika amechelewa, kwotabeki anaushikilia mpira kumngoja, na anaangushwa nao mkononi. Siku inayofuata lawama huenda kwa ukuta wa mbele, yaani walinzi wanaomkinga kwotabeki.

Uliza mapema anatumia mkono gani. Mpira wa mtu wa kushoto huzunguka kinyume na ule ambao mpokeaji ameuzoea tangu utotoni, na mwishoni huelekea upande usiotarajiwa. Mwenye viganja laini huzoea. Anayedaka kwa kuukumbatia kifuani huanza kuangusha. Mashine ya kurushia mipira hutegwa ili mpira uzunguke kinyume, na ni jambo la kufanya kuanzia Aprili, si wiki ya mechi. Jingine ni upande. Wa kushoto anapotoka kwenye kivuli cha walinzi wake hupenda kukimbilia kushoto, hivyo mpokeaji unayemtegemea zaidi mpange mara nyingi huko. Miami walimpa Tua Tagovailoa wa kushoto watu wawili wenye kasi ya ajabu, Jaylen Waddle mwaka 2021 na Tyreek Hill mwaka 2022. Tua husifika kwa kuwahi kuachia mpira na kulenga, zaidi ya nguvu za mkono, kwa hiyo kasi ile ilitumika kufungua nafasi katikati, wadake mpira wakiwa mbioni. Hill alipata yadi 1,710 msimu huo na 1,799 uliofuata, na mwaka 2023 Tua aliongoza ligi kwa yadi 4,624 za pasi.

Sasa majukumu. Wapokeaji watatu hawafanyi kazi moja. Mmoja husimama juu kabisa ya mstari wa kuanzia na kubanwa kifuani na beki tangu sekunde ya kwanza. Huyu anahitaji mikono ya kupigana na hatua ya kwanza ya hila. Wa pili husimama yadi moja nyuma ya mstari, anaweza kusogezwa kabla ya mchezo kuanza, na si rahisi kumbana. Wa tatu hucheza ndani, karibu na ukuta, anasoma nafasi kati ya mabeki. Kosa la kawaida ni kukusanya watatu wa aina ya pili kwa kuwa takwimu zao zinapendeza, kisha ikifika jaribio la tatu (kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) na yadi 7 zinahitajika, hakuna anayeweza kuvuka beki aliyemsimamia usoni. Kabla ya kusaini mtu, tazama michezo 40 aliyobanwa kwenye mstari. Ikiwa hafiki 40 katika msimu mzima, makocha wake walikuwa wanamficha.

Buffalo ndio mfano mzuri wa kununua kwa mpangilio. Kwotabeki wao Josh Allen aliingia mwaka 2018 na mkono wenye nguvu kupita kiasi, akakamilisha asilimia 52.8 tu. Mwaka 2019 walimleta Cole Beasley wa ndani, mtu wa pasi fupi anayepatikana haraka, na John Brown wa mbio za mbali ambako mkono ule ungetumika. Ikapanda hadi 58.8. Hapo ndipo mwaka 2020 walipomchukua Stefon Diggs kutoka Minnesota, mkali wa kuachana na beki kwa hatua: Diggs akaongoza ligi kwa kudaka mara 127 kwa yadi 1,535, Allen akafika asilimia 69.2. (Minnesota hawakulia sana, chaguo walilopewa, yaani zamu ya kuchagua mchezaji anayetoka chuo, walilitumia kumpata mpokeaji Justin Jefferson.)

Carolina walienda kinyume mwaka 2023. Ili wapate chaguo la kwanza na kumchukua kwotabeki Bryce Young, waliwapa Chicago, pamoja na machaguo kadhaa, DJ Moore, mpokeaji wao bora. Young ana urefu wa kama sentimita 178, na anapotaka kurusha katikati lazima atafute mwanya kati ya walinzi au aupandishe mpira. Mtu wa namna hiyo anafaidika na wapokeaji wenye mikono mirefu wanaodaka mpira usiofika pale hasa ulipokusudiwa. Alichokuta ni Adam Thielen, aliyetimiza miaka 33 Agosti ile. Thielen alijitahidi, akadaka mara 103, lakini hakuna aliyewaogopesha mabeki wa nyuma, kwa hiyo walisogea mbele na katikati kukajaa watu. Young aliangushwa mara 62, timu ikashinda mechi 2 kati ya 17. Moore huko Chicago akapata yadi 1,364. Ukimtoa mpokeaji ili upate kwotabeki, hesabu pengo hilo kama sehemu ya bei.

Kuna njia za kuchagua, ambapo mpokeaji hukata ndani au nje kulingana na alivyokaa beki. Hizi huharibu mwaka wa kwanza wa kwotabeki wengi, kwa sababu watu wawili lazima waone kitu kimoja kwa wakati mmoja bila kuambiana. Jaribio lake ni rahisi: wapeni kwotabeki na mpokeaji picha 20 za ulinzi, kila mmoja chumba chake, waandike jibu. Wakitofautiana mara 4 au zaidi, punguza njia hizo hadi Oktoba. Pasi iliyorushwa ndani wakati mpokeaji amekata nje haionekani kama kutoelewana; inaonekana kama kwotabeki amemrushia beki kwa makusudi, na magazeti yataandika hivyo.

Urafiki wa zamani ni kigezo, ila upimwe. Kwotabeki Joe Burrow na mpokeaji Ja'Marr Chase walishinda ubingwa wa vyuo pamoja katika chuo cha LSU msimu wa 2019. Cincinnati, timu ya Burrow, walipomchukua Chase mwaka 2021 wengi walitaka mlinzi wa ukuta, maana Burrow alikuwa ameumia goti. Kambini Chase aliangusha mipira hadi akaulizwa, akaeleza kwamba mpira wa NFL ni mkubwa kidogo na hauna ile michirizi myeupe ya mpira wa chuo inayosaidia jicho. Kisha akapata yadi 1,455. (Fundisho dogo: wapokeaji wote wa chuo wapewe mpira wa NFL wiki ileile ya drafti, timu zinapowachagua.) Upande wa pili wako New York Jets wa 2023, walioleta marafiki wa kwotabeki wao mpya Aaron Rodgers kutoka Green Bay, timu yake ya zamani. Rodgers alichanika kano ya kisigino katika mchezo wa nne wa mechi ya kwanza, na Allen Lazard, aliyesainiwa kwa dola milioni 44 za miaka minne, alimaliza msimu na yadi 311. Swali la kuuliza ni kama rafiki huyo angesainiwa kwa bei hiyo kama kwotabeki angekuwa mwingine.

Burrow yuleyule aliangushwa mara 51 msimu ule na mara 7 katika Super Bowl, fainali ya ligi, waliyoshindwa 23 kwa 20, kwa hiyo waliotaka mlinzi hawakuwa wajinga. Chicago mwaka 2024 walimpa kwotabeki Caleb Williams wapokeaji watatu wa maana, Moore, Keenan Allen na Rome Odunze, akaangushwa mara 68. Kabla ya kutoa chaguo la kwanza kwa mpokeaji, hesabu ni mara ngapi ukuta wako unashika sekunde 2.5. Chini ya mara 6 kati ya 10, njia ndefu utakazonunua hazitachezwa.

Kambi haikupi muda mwingi. Mazoezi ya majira ya kuchipua hayaruhusu kugongana, hivyo mpokeaji wa kubanwa hutajua hali yake hadi Agosti. Tenga dakika 10 kila siku ya vifaa kamili kwa mmoja dhidi ya mmoja. Weka pia sheria za mchezo unapovunjika: aliye mbali arudi kuelekea mpira, aliye karibu akimbie mbali, wote upande anakokimbilia kwotabeki. Kwotabeki mwenye miguu mizuri ataishi kwa sheria hizo. Hesabu na majeruhi: mwaka 2024 C.J. Stroud, kwotabeki wa Houston, alimpoteza Diggs yuleyule, aliyekuwa amehamia kwao, mwezi Oktoba na mpokeaji mwenzake Tank Dell mwezi Desemba, na yadi zake zikashuka kutoka 4,108 katika mechi 15 za mwaka uliotangulia hadi 3,727 katika mechi 17. Mtu wa nne na wa tano kwenye orodha wachaguliwe kwa kufanana na wale wanaowabadili, si kwa ubora wa jumla.

Mwisho, kwotabeki wa akiba. Atlanta walianza msimu wa 2024 na Kirk Cousins wa mkono wa kulia, na Desemba wakamwingiza Michael Penix Jr. wa kushoto. Mpokeaji wao Drake London alidaka mara 10 kwa yadi 187 katika mechi ya mwisho ya msimu, mipira inayozunguka kinyume na ile aliyoidaka tangu Septemba. Kama akiba wako ni wa mkono tofauti, kila mpokeaji adake kutoka kwake mipira 25 kila wiki, hata kama kocha mkuu anaona ni kupoteza muda.