Kutunza na Kuboresha Cessna 172 Kuukuu: Mwongozo kwa Mmiliki Mpya

Mtu anayetafuta ndege yake ya kwanza katika viwanja vya Wilson, Arusha au Dar es Salaam hachukui muda kabla ya kuoneshwa Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne na injini moja, ya miaka ya 1970, kwa kuwa kiwanda kilisitisha kuitengeneza mwaka 1986, kikarejea muongo mmoja baadaye, na bei ya ndege mpya haishikiki. Ndege ya umri huo inaweza kumtumikia vizuri sana, ila kwa maoni yangu mwaka wa kwanza fedha zote ziende kwenye kuifahamu hali yake halisi, na skrini za kisasa zisubiri.

Kazi ianzie mezani. Soma daftari za kumbukumbu za fremu, injini na propela tangu ukurasa wa kwanza, kisha ukae na fundi mwenye leseni mlinganishe maandishi hayo na orodha ya maagizo ya usalama yaliyotolewa na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kwa aina hiyo ya ndege. Kazi isiyoandikwa na kutiwa saini haihesabiki kuwa imefanyika, hata muuzaji akiapa.

Agizo mojawapo linahusu kitu ambacho mnunuzi hakitazami kabisa, yaani reli za viti. Pini inayokishika kiti huingia katika matundu yaliyo kwenye reli, na matundu hayo hulika kadiri miaka inavyopita, hata kiti kikaonekana kimeshika ilhali hakijashika. Ndege inapoanza kupaa kiti huteleza nyuma, rubani hung'ang'ania usukani na kuuvuta bila kukusudia, pua hupanda kupita kiasi, na ndege hukosa nguvu ya kuinuliwa ikiwa karibu na ardhi. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa reli hizo uliagizwa mwaka 1987, na agizo likarekebishwa mwaka 2011. Wewe mwenyewe, kila unapoketi, sukasuka kiti mbele na nyuma kabla ya kuwasha injini.

Kwa ndege iliyokaa Mombasa, Malindi au Zanzibar, adui ni chumvi. Alumini haitoi kutu nyekundu kama chuma. Hutoa unga mweupe, na rangi juu yake huvimba malengelenge. Ng'oa mazulia utazame sakafu, pitisha tochi pembezoni mwa ribiti, ndani ya mkia na mahali nyaya za usukani zinapopita kwenye kapi. Osha ndege kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na uhakikishe vitundu vya kutolea maji chini ya fremu havijaziba.

Injini ndiyo itakayomeza fedha nyingi zaidi. Lycoming O-320, injini iliyofungwa kwenye 172 nyingi za miaka hiyo, inatakiwa kufanyiwa ukarabati mkubwa baada ya saa 2,000 za kazi au miaka 12, na wanunuzi wengi huhesabu saa wakaisahau miaka. Kamshafti ya injini hii, yaani mhimili unaofungua vali, iko juu, kwa hiyo ndege inapoegeshwa kwa muda mrefu oili hutiririka chini, chuma kikabaki wazi na kushika kutu. Ndiyo maana injini ya saa chache iliyolala bandani miaka mitano hunitia shaka kuliko ile ya chuo cha urubani inayoruka kila siku. Kuiwasha chini kwa dakika kumi hakusaidii, kwani oili haipati joto la kutosha kufukuza unyevu. Irushe mfululizo kwa saa nzima, angalau mara moja kwa mwezi, joto la oili likiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Modeli ya 172N ya 1977 hadi 1980, yenye injini ya O-320-H2AD, iangaliwe kwa makini zaidi, maana inajulikana kwa kulika kamshafti na tapeti, vipande vinavyosukumwa na kamshafti.

Badilisha oili na filta kila baada ya saa 50 au miezi minne, lolote litakalotangulia. Injini yenye chujio la wavu tu, isiyo na filta inayochuja oili yote, ni kila saa 25. Filta iliyotolewa isitupwe. Fundi aikate, akamue karatasi iliyomo, aikunjue mkunjo kwa mkunjo kwenye mwanga, kisha apitishe sumaku: vipande vinavyonasa ni vya chuma, na vikiwa vingi ndege isiruke mpaka chanzo kijulikane. Anapopima mgandamizo wa silinda kwa kuijaza upepo, simama karibu usikilize. Upepo unaovuja kwenye ekzosi unamaanisha vali, na unaotokea kwenye mdomo wa kujazia oili unamaanisha ringi.

Maboresho yaanze na yale yanayookoa uhai. Weka mikanda ya mabega kama viti vya mbele havina, kisha kitoa ishara ya dharura cha megahezi 406, kwa sababu setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Kama ndege imetoka nje ya nchi, kifaa hicho kiandikwe upya kwa usajili wa sasa, la sivyo waokoaji watampigia simu mmiliki wa zamani. Kabla ya kununua taa au redio, hakiki umeme wa ndege yako, kwani 172 za kabla ya 1978 kwa kawaida hutumia volti 14 na za baadaye 28.

Anayeishi Nairobi anaweza kufikiria injini ya nguvu ya farasi 180, maana Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari na injini ya 150 hupoteza hapo karibu moja ya sita ya nguvu yake. Kwa wa pwani, naona ni anasa. Vyovyote iwavyo, badiliko hilo liwe na cheti cha nyongeza, yaani idhini ya kubadilisha muundo wa ndege, kinachotambuliwa na mamlaka ya nchi ilikosajiliwa ndege, na kazi ikiisha ndege ipimwe uzito upya, maana redio zilizotolewa na injini iliyoongezwa vimekwisha kuhamisha kitovu cha uzito ambacho rubani hukikokotoa kabla ya kila safari.