Ruta ya zamani kuwa daraja la waifai nyuma ya kuta za mawe

Katika nyumba kongwe za Bagamoyo, kuta nene za mawe ya matumbawe hufifisha mawimbi ya waifai hata chumba cha nyuma kikakosa mtandao, na juma hili nimejifunza kwamba ruta ya zamani iliyolala kabatini inaweza kuondoa tatizo hilo. Kwanza ipe anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) isiyogongana na ya ruta kuu, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ile kuu ni 192.168.1.1, na iwe nje ya zile zinazogawiwa vifaa. Kisha zima huduma yake ya kugawa anwani, yaani DHCP. Halafu vuta waya kutoka ruta kuu na uuchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) la ruta ya zamani, wala si la WAN (la kuingizia intaneti). Hapo ruta hiyo huacha kuwa lango (mlango wa kutokea kwenda intaneti) na kubaki daraja tu: hupokea fremu, yaani vifurushi vidogo vya data, kutoka kwenye waya, huzivika umbo la waifai na kuzirusha hewani, na kinyume chake, bila kugusa anwani za IP, ndiyo maana simu iliyo chumba cha nyuma huiona printa iliyochomekwa kwa waya sebuleni. Ukitumia tundu la WAN, kwa kawaida utapata mitandao miwili iliyotengana. Njia hii haitegemeki waya ukizidi mita 100. Aidha, DHCP ikisahaulika kuzimwa, baadhi ya vifaa vitaelekezwa kwenye lango lisilo sahihi na kukosa intaneti huku vingine vikiipata. Kosa hili ndilo gumu zaidi kulitambua.