Chenso Ikikohoa, Rudisha Choki

Chenso nyingi, yaani misumeno ya mnyororo ya injini, ninazoletewa nikiambiwa "imekufa" hazina ugonjwa wowote. Zimezamishwa kwa petroli na wenyewe. Nafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, inatoka imelowa chepechepe. Nauliza kamba ya kuwashia imevutwa mara ngapi, najibiwa, "Nilivuta mpaka bega likaniuma." Na choki ilikuwa wapi muda wote huo? "Ilikuwa pale pale." Basi ugonjwa ni huo, na leo sizungumzii kingine. Kunoa mnyororo, kuukaza na kujaza oili yake mnajua.

Kazi ya choki ni kuziba hewa kwenye kabureta, panapochanganywa hewa na petroli, ili injini iliyopoa ivute petroli nyingi kuliko kawaida. Inahitajika kwa mivuto michache tu. Kwa injini iliyolala usiku kucha, weka breki ya mnyororo, washa swichi, minya kipira cha pampu ya mafuta mara 5 au 6 kama chenso yako inacho, weka choki yote, kisha vuta. Mvuto wa 2, wa 3 au wa 4 hivi injini itakohoa: puh! Halafu kimya. Kikohozi hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta. Petroli imefika, cheche ipo, moto umeshika mara moja ndani ya silinda kisha ukazimika kwa kukosa hewa. Hapo hapo, kabla hujavuta hata mara moja zaidi, rudisha choki kwenye ile sehemu mnayoiita "nusu". Kwenye chenso nyingi hiyo si nusu ya choki hata kidogo: hewa imefunguliwa, na triga imeshikiliwa kidogo ili injini ipate nguvu ya kuamka. Chenso isiyo na sehemu hiyo, rudisha choki yote. Sasa vuta tena; mivuto 1 hadi 4 mara nyingi inatosha. Ikiwaka, gusa triga mara moja ishuke mwendo, kisha achia breki.

Wengi wenu mnafanya nini? Mnasikia kikohozi, mnafurahi, mnasema "inakaribia!", mnaongeza nguvu na choki bado imeziba. Kila mvuto unamwaga petroli juu ya petroli, plagi inalowa, cheche inashindwa kuruka. Kuanzia hapo, hata avute nani, haiwaki. Kamba inakatika, springi ya kuirudisha inafyatuka, na mwenye mashine anakwenda kutafuta bisibisi. Hiyo bisibisi nitaijia.

Kuna wasiokisikia kikohozi kabisa, hasa waliovaa vikinga masikio (na mnapaswa kuvivaa) au wanaofanya kazi karibu na mashine nyingine. Kwa hao dawa ni hesabu: mivuto 5. Ukifika 5 bila kusikia kitu, chukulia kwamba imekohoa ukapitwa. Rudisha choki nusu, vuta mara 5 nyingine. Si 15, si "mpaka ikubali". Nimeisema namba hii shambani hadi watoto wanaotuzunguka wameikariri, ila baba zao bado wanavuta 30.

Injini yenye joto haitaki choki kabisa. Umesimama dakika 5 au 10 kujaza mafuta, ukirudi vuta bila choki. Ikigoma mivuto 3, weka nusu. Kuiwekea choki yote ni kuizamisha ukiwa umeamka vizuri na akili zako zote.

Mvuto wenyewe nao una adabu yake. Chenso ikae chini, mahali palipo wazi, buti la kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umeshika mpini wa mbele kwa nguvu. Vuta kamba polepole mpaka uhisi imeshika, ndipo uvute kwa kasi, na usiifikishe mwisho wake. Irudishe ukiwa umeishika. Wale wa kuiwasha ikining'inia mkononi, huku mnairusha chini na kuvuta juu, naomba msinifanyie mbele yangu.

Tuseme imeshalowa. Zima swichi. Toa kofia ya plagi, toa plagi, na hakikisha waya wake uko mbali na tundu. Geuza chenso tundu liangalie chini na lisielekee usoni kwa mtu, kisha vuta kamba mara 6 hadi 8. Petroli iliyojaa ndani itarushwa nje. Nimeshakuta mtu anafanya hivyo huku plagi imeegeshwa kwenye silinda "nione kama kuna cheche". Cheche ilikuwapo, petroli ilikuwa inaruka sentimita chache kutoka pale, na yeye alikuwa ameinama juu yake! Usipime cheche wakati injini inatapika mafuta. Sogea mahali pengine kwanza, mvuke utawanyike.

Plagi ikaushe kwa kitambaa safi. Usiichome motoni, ule udongo wake mweupe unaweza kupasuka. Usiikwangue kwa msasa, chembe zake hubaki ndani na kuingia kwenye silinda. Pima mwanya wake: kwa chenso nyingi ni 0.5 mm, na kitabu cha mashine kikisema namba nyingine, fuata kitabu. Acha tundu wazi dakika 10 hadi 15. Tazama saa, maana "dakika kumi" ya mtu mwenye haraka ni mbili. Rudisha plagi kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana: iliyokwisha kutumika robo mzunguko, mpya yenye woshi nusu mzunguko. Sasa vuta ukiwa kwenye nusu, bila choki. Inaweza kuchukua mivuto 10, na itatoa moshi mzito mwanzoni.

Plagi ikitoka kavu baada ya mivuto yote hiyo, kosa si hili, mafuta hayafiki. Angalia kichujio ndani ya tangi na tundu la kupumulia tangi. Chujio la hewa likiwa limejaa vumbi la mbao nalo linaziba kama choki, kwa hiyo lisafishe kabla ya kulaumu kitu kingine.

Bisibisi sasa. Kabureta ina skrubu za kurekebisha petroli, zenye herufi L na H, na mtu aliyechoka kuvuta anaona hizo ndizo mkosaji. Anazizungusha. Kesho yake injini imejikausha yenyewe, inawaka, inalia kwa sauti kali na nyembamba, naye anajisifu kwamba amekuwa fundi. Lakini sasa inapata petroli kidogo, na kwa injini ya mipigo miwili oili inaingia pamoja na petroli; ukipunguza moja umepunguza zote mbili. Silinda inapata moto kupita kiasi, pistoni inakwaruzika, nguvu zinakwisha. Mvuto mmoja wa ziada na choki umezaa silinda mpya na pistoni mpya. Skrubu hizo msiziguse.

Neno la mwisho ni mchanganyiko, kwa sababu oili ikizidi plagi huchafuka, na plagi chafu hulowa upesi. Kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli, mililita 100 kwa lita 5. Cha 25 kwa 1 ni mililita 40 kwa lita, 200 kwa lita 5. Kipi ni chako kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kifuniko cha chupa si kipimo, na oili ya gari si oili ya injini ya mipigo miwili. Tikisa dumu kabla ya kujaza. Usichanganye zaidi ya utakachomaliza ndani ya siku 30, na tarehe uliyochanganya iandikwe kwenye dumu lenyewe kwa wino usiofutika. Kichwa cha mtu nimekisikia kikidai "juzi tu" kwa petroli iliyokwisha kubadilika rangi.