Somo: Kumkabidhi mtu kazi ya biashara yako, hatua kwa hatua

Assalaam aleikum wanachama.

Somo la leo ni la wale wenye wasaidizi lakini kazi bado wanafanya wenyewe. Duka liko Darajani, sokoni mjini Unguja, vijana wawili wamo ndani, na bado mwenye duka ndiye anayefungua, ndiye anayeshuka bandarini Malindi kupokea mzigo wa boti, ndiye anayepanga foleni benki. Siku akilala na homa simu hailali: "Bi mkubwa, hii doti tumuachie kwa ngapi?"

Ukimuuliza kwa nini hakabidhi, jibu huwa ni kwamba vijana wa siku hizi hawaaminiki. Wapo wasioaminika, sikatai. Lakini nimekaa na wafanyabiashara wengi, Unguja na Pemba, na naamini sababu kubwa iko kwengine. Tunaona muhali, yaani haya, kuhesabiana. Anayesimama dukani ni mtoto wa dada, au wa jirani aliyetulea. Tukimkabidhi pesa halafu jioni tukamwambia "njoo tuhesabu", tunaona kama tumemtuhumu. Basi mmoja anakabidhi kwa macho yaliyofumbwa, mwengine hakabidhi kabisa na anajichosha mpaka anaugua. Ukiondoa muhali huo, mengine yote yanafundishika.

Hatua ya 1. Andika kazi zako za wiki moja.
Zote, hata kununua vocha ya umeme. Halafu weka alama kwenye zile ambazo bila ya wewe haziwezi kufanyika: kupatana na anayekuuzia kwa jumla, kuamua mkopo mkubwa, kuajiri, kutia saini benki. Utaona ni chache. Zilizobaki ndizo za somo hili.

Hatua ya 2. Toa bei kichwani, uitie kwenye daftari.
Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kijana anakupigia simu kila mara kwa sababu duka zima limo kichwani mwako. Bei umeijua wewe, wa kukopeshwa unawajua wewe, na namba ya msafirishaji wa Kariakoo imo kwenye simu yako tu. Mtu huyo hata awe mwaminifu vipi, atafanya nini?

Chukua daftari, kila bidhaa iwe na bei mbili: bei ya kuanzia na bei ya mwisho. Kama doti ya kanga unaanza kwa 20,000 na unakubali kushuka hadi 17,000, andika hivyo. Katikati hapo kijana apatane mwenyewe na mteja, asikupigie. Ukurasa mwengine andika majina ya wanaokopeshwa, na kila mmoja mwisho wake ni kiasi gani. Asiyekuwemo kwenye ukurasa hakopeshwi mpaka wewe useme. Na anayekopa aandikwe hapo hapo, mbele yake, kiasi na siku ya kulipa. Dini yetu imetuhimiza kuandikiana madeni, na haikusema isipokuwa ndugu.

Najua hofu iliyopo: akishajua siri zote, kesho atafungua duka lake mkabala na langu. Lakini ili auze anahitaji kujua bei ya mwisho ya kuuzia tu. Bei uliyonunulia na jina la aliyekuuzia si lazima avijue mwanzoni. Hivyo viwe kwenye daftari lako, si kwenye daftari la duka.

Hatua ya 3. Chagua mtu kwa kazi, si kazi kwa mtu.
Mnakijua kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan. Binti alimshauri baba yake amuajiri kwa sababu ana nguvu na ni mwaminifu. Sifa mbili pamoja. Sisi huishika moja tukaiacha nyengine. Tunampa kazi ya hesabu mtoto mwenye adabu ambaye hesabu hajui, akikosea tunasema haaminiki. Au tunamchukua mjanja wa kuuza, ambaye hata kwao hawamtumi sokoni. Kila kazi uliyoiandika ulizia mambo mawili: anaiweza? Na hii kazi inagusa pesa kiasi gani? Mwenye uwezo usiyemjua vizuri anza naye kwenye kazi isiyogusa pesa. Mwaminifu asiyejua, mfundishe kwanza.

Hatua ya 4. Anza na kazi moja yenye mwisho unaoonekana.
Kupokea mzigo ni mfano mzuri. Mzigo umefika au haukufika, umetimia au haukutimia. Mara ya kwanza akuangalie ukikagua hati na kuhesabu vifurushi. Mara ya pili afanye yeye, wewe simama pembeni ukiwa kimya (kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kwa wenye maduka). Mara ya tatu aende peke yake, akuletee hati iliyotiwa saini.

Usianze kufundisha wakati wa pirika. Wenye biashara za watalii, masika ya Machi hadi Mei ndiyo nafasi yenu. Julai na Agosti huna muda wa kumueleza mtu kitu. Wenye nguo, maliza kufundisha kabla ya Ramadhani haijaingia, kwa sababu kumi la mwisho Darajani hapapitiki.

Hatua ya 5. Weka mpaka wa pesa.
Mwambie kwa tarakimu. "Likitokea jambo la dukani lisilozidi 10,000, taa imeungua, mteja amerudisha kitu, amua mwenyewe, andika, jioni nionyeshe." Usimwambie "tumia akili", maana akili yake ikitofautiana na yako utakasirika. Miezi ikienda vizuri, mpaka upandishe.

Hatua ya 6. Hesabuni, kuanzia siku ya kwanza.
Hili ndilo somo lenyewe.

Ukianza kuhesabu mwezi wa tatu, baada ya kutilia shaka, kijana ataona umemshuku, na kweli umemshuku. Ukianza siku ya kwanza ni utaratibu wa duka, kama vile kufunga mlango. Mwambie mbele ya wote: hapa tunahesabu kila jioni, na hata mwanangu wa kuzaa akisimama hapa anahesabiwa. Halafu mhesabu kweli huyo mwanao, wenzake waone.

Utaratibu wenyewe ni huu. Asubuhi mnahesabu pamoja chenji ya kuanzia, inaandikwa. Kila kilichouzwa kinaandikwa palepale, na risiti ya kielektroniki ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) inatolewa. Mfundishe kuitoa mapema, kwa sababu isipotolewa, atakayeulizwa ni wewe mwenye leseni. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya biashara, isiwe namba ya kijana, hata kwa siku moja. Jioni mnahesabu wawili, mnatia saini wawili. Mara moja kwa wiki chagua rafu moja bila ya kutaja mapema, muhesabu bidhaa zilizopo mkilinganisha na daftari.

Na gawa kazi kwa namna hii: anayeuza asiwe ndiye anayepeleka pesa benki, anayepokea mzigo asiwe ndiye anayelipa wenye mzigo. Mkiwa wawili tu dukani, moja ya hizo baki nayo wewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Nami naongeza kwamba kijana akiwa na daftari lililotiwa saini, siku pesa ikipotea naye ana cha kujitetea nacho. Wangapi wameondolewa kwenye maduka kwa tuhuma, halafu pesa ikaonekana kwenye mfuko wa koti la mwenye duka? Kuhesabiana kunamlinda yeye kama kunavyokulinda wewe.

Ikipungua, uliza jioni ile ile, kwa sauti ya kawaida. Upungufu mdogo wa chenji andika tu. Ukijirudia siku zile zile za wiki au zamu ya mtu yule yule, hapo una jambo la kuzungumza, na unalizungumza ukiwa na karatasi mkononi.

Hatua ya 7. Usiirudishe kazi kwako.
Mteja wa zamani atakuja aseme "namtaka mwenyewe". Mkaribishe, msalimie, muulize watoto, halafu mpeleke kwa kijana: "Huyu ndiye anayeshughulika na kanga sasa." Ukimuhudumia wewe, wateja wote watajua kwamba yule kijana ni pambo. Na akikosea usimsahihishe mbele ya mteja. Subiri mlango ufungwe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mwanakwerekwe: *Dada, kijana wangu ni mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Nikimwambia tuhesabu, mama yake atanuna mwaka mzima. Nifanyeje?*

Nenda kwa dada yako kabla hujamwambia mtoto. Mwambie unataka mwanawe ajue biashara, siku moja asimame na lake, na kwamba asiyejua kufunga hesabu za siku hawezi kuwa na duka. Kisha nami nikuulize: unamlipa? Ndugu wengi wanakaa madukani kwa "chukua chochote utakachohitaji". Mtu asiyekuwa na mshahara unaojulikana hujilipa mwenyewe, na yeye hahesabu kuwa ni wizi. Mpe mshahara wa tarehe maalumu, mwandikiane mkataba, msajili ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) kama mfanyakazi mwengine yeyote. Ukishamfanyia hivyo, dada yako hana la kununia.

Mwanachama, mpishi wa shughuli, Fuoni: *Watu wananiita kwa sababu ya mkono wangu. Pilau akipika mwengine, jina langu litaharibika. Shaaban na Mfunguo Mosi (Shawwal) napata harusi mbili kwa siku moja na inabidi moja niikatae.*

Mkono wako haumo kwenye kumenya vitunguu, kuchambua mchele, kukodi sahani, kutafuta gari, wala kuhesabu masufuria usiku wa manane. Hayo yote mpe mtu wiki hii. Kilichobaki ni viungo na moto. Pima kwa mizani viungo unavyotia kwa kila kilo ya mchele, uandike, maana sasa unatia kwa kiganja na kiganja hakifundishiki. Changanya wewe nyumbani, funga vifurushi, kila kifurushi kwa sufuria moja. Msaidizi apike kwanza khitma ya watu wachache huku ukionja. Akiiweza, mpe harusi ndogo na wewe uende kwenye kubwa. Na mwenye shughuli mwambie mapema nani atasimama jikoni kwake. Usimfiche.

Mwanachama mwenye shamba la mikarafuu, Wete: *Mimi naishi mjini Unguja. Kila msimu nafunga duka langu navuka kwenda Pemba kusimamia uchumaji, kwa sababu nikimuachia mtu karafuu zinapungua. Hili nalo linakabidhika?*

Linakabidhika, kwa sababu karafuu ina vituo vya kupimia. Wachumaji mnawalipa kwa kipimo, kwa hiyo kila jioni lazima ijulikane kimeingia kiasi gani baada ya kuchambua makonyo (vikonyo vya karafuu). Msimamizi akutumie picha ya ukurasa wa siku hiyo. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake, basi ukijua zilizoanikwa unajua kwa makadirio zitakazopatikana. Mvua ikizikuta juani hesabu itayumba na ubora utashuka, kwa hiyo aandike na siku za mvua. Mwisho kuna risiti ya kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Una karatasi tatu: ya mbichi, ya kavu, ya mauzo. Zikitofautiana sana utajua ni kati ya kituo kipi na kipi, na utamuuliza jambo moja badala ya kumshuku kwa yote. Kama inawezekana, anayesimamia uchumaji asiwe ndiye anayelinda majamvi ya kuanikia. Vuka wakati wa kuuza tu.

Mwanachama wa Chake Chake: *Mimi niliibiwa na mtu niliyemlea. Sitaki kusikia habari ya kukabidhi.*

Pole sana, ndugu yangu. Jambo hilo linauma kuliko hasara yenyewe, na sitakuambia usahau. Siku ukiwa na nafasi jiulize tu jambo moja: iliwezekana vipi isijulikane kwa muda wote ule? Mara nyingi aliyeuza ndiye aliyehesabu na ndiye aliyepeleka benki. Kama ilikuwa hivyo, atakayekuja usimuweke palepale. Kwa sasa kabidhi kazi zisizogusa pesa: usafi, kupanga bidhaa, kupokea simu za wateja, kuandika kilichopungua. Kaa hapo hata mwaka mzima ukitaka. Hakuna anayekukimbiza.

Mwanachama: *Shikamoo bi. Mimi ndiye kijana wa duka. Tajiri wangu amenikabidhi, lakini anapiga simu kila nusu saa. Wateja wananicheka.*

Marahaba mwanangu. Anapiga kwa sababu yuko kizani. Mtangulie. Baada ya adhuhuri mtumie ujumbe: umeuza kiasi gani, taslimu ngapi, kwa simu ngapi, kipi kimekwisha. Baada ya alasiri mwengine. Jambo baya mwambie mapema wewe mwenyewe, asilisikie kwa jirani. Fanya hivyo wiki mbili bila ya kukosa hata siku moja, kisha muombe kwa adabu: "Tajiri, nikikuletea habari saa saba na saa kumi, itakutosha?" Akikubali, usichelewe hata dakika tano. Ukiwa na mteja saa hiyo, andika "nina mteja, nakuja", umalize naye, halafu utume hesabu yote.